Mwalimu Khairiya Kiooni

Wanawake wa Mji wa Kale wanapenda picha kuliko wanavyokubali. Mtu akae saa tatu akitiwa hina, saa mbili nyingine akisukwa na kuvishwa asumini, halafu akwambie ati hataki kumbukumbu? Walichokosa siku zote si hamu, ni mtu wa kumwamini, kwa sababu picha ya mwanamke aliyevua buibui ikishatoka mlangoni hairudi tena. Kwa miaka sita mtu huyo wa kuaminiwa alikuwa Zakiya.

Chumba chake cha kazi kilikuwa Tononoka, juu ya duka la vitambaa, na alikuwa na masharti ambayo hakuyalegeza hata kwa jamaa zake. Siku ya harusi simu zote zikusanywe mlangoni ndani ya kikapu. Kamera ingie moja tu, yake yeye. Siku ya tatu humpelekea mama wa bi harusi picha zote kwenye flashi, wakaketi wawili, na Zakiya akafuta zilizobaki kwenye kamera na kwenye kompyuta, mbele ya macho ya mama huyo. Wengine walimwambia, "Wacha, mwanangu, sisi twakuamini." Yeye hufuta tu, nao humsifu mtaa mzima.

Aliyemfungulia njia alikuwa Mwalimu Khairiya, aliyemfundisha Kurani utotoni katika madrasa ya uchochoro mmoja nyuma ya Ndia Kuu. Zakiya aliponunua kamera ya kwanza hakuna aliyetaka kumwingiza harusini, na mwalimu akapita kwa mama mmoja baada ya mwengine akisema, "Mchukueni huyu, mimi ndimi dhamana yake." Neno la Khairiya lilikuwa zito. Alikuwa mjane wa miaka arubaini na sita, mwenye kufunika uso tangu alipokuwa na ishirini, na hakuna mwanamume wa nje, awe muuza samaki au jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyejua sura yake imekaaje.

Lakini ndani, penye wanawake peke yao, uuh! Buibui likishaanguka alitoka mtu mwengine kabisa. Dera la maua, mikufu, asumini mpaka shingoni, mwanya wa kupendeza kila akicheka, na sauti ya kuongoza nyimbo iliyowafanya mabibi wazima wasahau magoti yao. Harusi aliyokosa Khairiya ilisemwa kwamba imepooza. Zakiya mwenyewe alimpiga mamia ya picha kwa miaka hiyo, akazifuta zote kwa mkono wake.

Sasa njoo kwenye harusi ya Fariha.

Fariha alikuwa binti wa Bi Akila, watu wenye asili ya Kihindi wenye duka la vyombo mjini, naye alisomeshwa Kurani na mwalimu yuyo huyo. Walikodi Jumba la Dawoodbhai, nyumba ya ghorofa mbili ya tajiri wa zamani aliyeuza pembe na karafuu, ambayo wajukuu zake wameitengeneza upya na kuikodisha kwa harusi. Ina ukumbi mkubwa chini, ngazi ya mbao, na roshani ya ndani inayouzunguka ukumbi huo kwa juu. Ukutani kuna kioo kirefu kuliko mtu, chenye fremu ya dhahabu iliyochongwa mizabibu, na kila anayeingia hujitazama humo hata kama amekuja kusoma mita ya stima.

Kwao kina Fariha, mume na mke wanapokutana mara ya kwanza baada ya nikaha hawatazamani ana kwa ana. Hutandikiwa shali nyekundu juu ya vichwa vyao, wanne wakaishika pembe zake, na wawili hao wakaonana kwanza kwenye kioo. Bi Akila aliapa kwamba binti yake hatatumia kioo kidogo cha mkononi ilhali kioo kama kile kipo ukutani. Nikaha ilifungwa msikitini adhuhuri, na baada ya sala ya alasiri bwana harusi, kijana mpole aitwaye Ishaq, aliletwa.

"Yuwaingia! Yuwaingia! Jistirini!" wakapiga kelele wa mlangoni.

Unajua vurugu hilo. Mabuibui mia yamerundikwa kwenye mito, yote meusi, na kila mmoja anavuta lake. Khairiya alikuwa katikati ya wimbo na tari mkononi. Akavuta moja, likawa la mtoto. Akavuta la pili, mwenyewe akalishikilia upande wa pili. Wakacheka mpaka nguvu zikawaishia. Alipoona mlango unafunguliwa, akaikimbilia ngazi, akapanda mbio hadi kwenye roshani, mahali ambapo mtu aliye chini ya shali hawezi kumwona. Hesabu yake ilikuwa sawa. Ishaq aliingia na macho yake chini, akafunikwa shali, hakuona kitu ila kioo na mkewe ndani yake.

Zakiya alikuwa amesimama ubavuni, juu ya kigoda. Alipiga picha kumi na moja. Katika kumi Fariha ameinamisha uso au amefumba macho. Katika moja tu ameinua macho, akamwona mume wake kiooni, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, naye Ishaq anamtazama kama mtu aliyeitwa jina lake. Kwa kuipata picha moja kama ile mtu huweza kufanya kazi mwaka mzima.

Jioni ile Fariha mwenyewe alimwambia, "Da Zakiya, hii moja iweke kwenye ukurasa wako wa mtandaoni. Mimi nimejifunika nywele, na Ishaq amekubali. Na watu wa Jumba pia wanaitaka kwenye ukurasa wao." Aliitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, akajiona yeye, akaridhika. Bi harusi gani atazame kingine?

Kesho yake asubuhi, Tononoka, Zakiya aliifungua picha ile kwenye kompyuta. Akaikuza ili asafishe kivuli shingoni mwa Fariha. Ndipo alipoona, kwenye pembe ya juu ya kioo, juu ya ile shali, roshani. Na kwenye roshani, Mwalimu Khairiya. Kichwa wazi, asumini zimemwangukia begani, ameegemea ukingo na kucheka kwa kinywa chote, na mwanya unaonekana.

Alimwona. Niliseme wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alikaa muda mrefu bila ya kulisema. Alimwona na akamtambua.

Akajaribu kuikata pembe ile, fremu ya dhahabu ikakatika nusu na picha ikaonekana kama imeliwa na panya. Akajaribu kuitia giza, kikawa kiraka cheusi juu ya kichwa cha bi harusi. Akairudisha ilivyokuwa, akaketi akiitazama. Ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri zaidi na mwalimu ndani yake. Chini wawili wanaanza maisha, juu mwanamke mzima anawafurahia. Akairudisha kwenye ukubwa wa simu, na uso wa Khairiya ukawa mdogo kama punje ya mchele. Nani atauona? Ndivyo alivyojiambia. Angeweza kumpigia simu mwalimu na kumuuliza, na alijua jibu lingekuwa lipi, ndiyo maana hakupiga. Akaituma kwenye ukurasa wake saa nne.

Sifa zilimiminika hadi adhuhuri. Watu wa Jumba wakaisambaza, mabinti wa Malindi na Lamu wakauliza ana nafasi lini. Kabla ya alasiri kijana mmoja akaandika chini yake, "Huyo wa juu si mwalimu wa dada zangu?" Akaikuza pembe ile, akamzungushia mwalimu duara jekundu, akaipeleka kwenye kikundi cha simu cha vijana wenziwe. Hakuwa na ubaya mkubwa, wajinga wengi hawana. Zakiya alipoamka kwenye usingizi wa mchana na kuifuta, picha ilikuwa imekwishazunguka kisiwa chote na kuvuka feri.

Bi Akila alimpigia akimfokea mpaka simu ikapata moto. Wateja watatu wakajitoa kabla ya isha. Lakini aliyemtisha ni Khairiya, ambaye hakufoka wala hakupiga simu. Alimtuma binti wa jirani na neno moja: aje.

Alikwenda kesho yake asubuhi. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye mkeka wake wa siku zote, kahawa iko, halua iko, kana kwamba ni ugeni wa kawaida. Zakiya akambusu mkono. Mkono haukuondolewa, wala haukumshika.

"Keti," alisema Khairiya. "Maneno mengi siyataki, nimejazwa tangu jana. Ndugu yangu amenipigia kutoka Maskati. Baba mmoja ameshawatoa wanawe wawili madrasa. Haya yote ni yangu, nitayabeba. Kwako nataka moja tu."

"Nambia, mwalimu."

"Ulipoituma ile picha, ulikuwa umeniona?"

Zakiya alikuja na jibu la kweli mdomoni. Alilifanyia mazoezi njia nzima kutoka Tononoka. Lakini alipomtazama mwanamke yule, macho yamevimba kwa kulia na bado amemwekea halua, akaogopa. Hakuogopa kupigwa wala kutukanwa. Aliogopa kuona uso ule ukibadilika kwa ajili yake, basi.

"Wallahi, mwalimu, sikukuona."

Khairiya alishusha pumzi. Mabega yake yakalegea, akauchukua mkono wa Zakiya na kuutia katikati ya mikono yake miwili.

"Basi yamekwisha. Mimi mwenyewe nalikimbilia huko juu kama mtoto, nikasahau kioo. Wewe ulikuwa wamtazama bi harusi, ndiyo kazi yako. Kula halua."

Akaila. Akaisukuma kwa kahawa.

Laiti mambo yangeishia hapo! Mwalimu hakuwa mtu wa kusamehe akakaa. Juma lile lile alijifunga buibui lake, akaingia nyumba kwa nyumba kama alivyofanya miaka sita nyuma. Alianza kwa Bi Akila. "Ameniapia kwamba hakuniona," alisema, "nami nakuapia wewe kwa kiapo chake, wallahi mtoto yule hakukusudia." Ikiwa aliyeumizwa mwenyewe anasema hivyo, wewe wa pembeni utasema nini? Wateja wakarudi mmoja mmoja, na baada ya miezi minne Zakiya alikuwa na kazi kuliko zamani.

Khairiya hakurudi. Namaanisha yule wa ndani. Hakumlalamikia Zakiya hata siku moja, ila mara nyengine neno humponyoka. Walikuwa wakienda pamoja Mama Ngina, kando ya bahari, siku za Jumapili kula mihogo ya kukaanga, na Zakiya alipomkumbusha waende tena, alijibu kwamba muuza samaki wake wa miaka ishirini alimwambia juzi, huku akimfungia changu wawili, "Mwalimu, kumbe una mwanya!" Alimwambia kwa heshima, masikini, kama anayempongeza. Mwalimu akalipa, akaondoka, na tangu siku hiyo anayemnunulia samaki ni binti wa jirani.

Usiku Zakiya hulala vizuri, mchana ndio uliomtesa, kila akiweka jicho kwenye kamera. Mara kumi aliamua kumwambia na mara kumi akapata kazi ya haraka ya kumzuia.

Mwezi wa tano tangu picha ile ikaja harusi ya mtaa wa Kizingo, nyumba kubwa yenye bustani, ya Bi Swafia aliyekuwa akimwoza mwanawe wa mwisho. Bi Swafia alimchukua Zakiya kwa neno la mwalimu, na alimwalika mwalimu kwa sababu bila ya Khairiya nyimbo zingeongozwa na nani? Hema lilifungwa pande zote, mlango wa bustani ukatiwa kufuli, wanaume wakapelekwa mbali. Ilikuwa saa tisa na joto la kuoka mkate. Mabuibui yakavuliwa, manukato yakapanda, na tari zikaanza.

Zakiya alizungusha kamera kutoka kundi hadi kundi. Rangi ya waridi, kijani, dhahabu, na katikati ya rangi zile doa moja jeusi. Khairiya alikuwa ameketi kwenye kochi la pembeni na buibui lake lote, uso umefunikwa, macho tu yako nje. Jasho lilikuwa limelowesha kitambaa penye mdomo.

"Mwalimu, vua, hapa ni sisi kwa sisi," Bi Swafia alimsihi.

"Nina homa kidogo, mama. Niwache."

Wakampa tari. Akaipokea, akaishika kwenye mapaja, kisha akampa aliyekuwa jirani yake. Wanawake wakaanza wimbo wenyewe, wakagongana kwenye ubeti wa pili, wakacheka, wakaanza tena. Zakiya alimwona kwenye kamera akizigeukia nguzo za hema, moja baada ya moja, kama anayetafuta kioo, kisha akiitazama kamera yenyewe, na kabla ya kujizuia akaishika pembe ya mtandio akaivuta zaidi.

Zakiya aliishusha kamera. Akaenda akaketi kando yake kwenye kochi, kelele za tari zikiwafunika.

"Mwalimu, si homa."

"Najua si homa. Usinitie aibu mbele za watu, nenda ukafanye kazi yako."

"Niliona."

Khairiya hakugeuka. "Uliona nini?"

"Ile picha. Nilikuona kabla sijaituma. Niliikuza, nikakuona, nikakutambua, nikasema u mdogo, hawatajua. Na ulikuwa mzuri. Nikaituma."

Alidhani moyo utakuwa mwepesi baada ya kulisema. Haukuwa. Wimbo ukaisha na mwengine ukaanza. Macho ya mwalimu, ambayo ndiyo pekee aliyoachiwa kuyaona, yalikuwa yakitazama mbele.

"La picha nilikusamehe siku ile ile," alisema mwishoni, taratibu. "Hata ungenambia umeniona, ningekusamehe. Ningelia, nikakufukuza wiki mbili, kisha nikakuita. Wewe hunijui?"

"Nakujua, mwalimu."

"Lakini mimi nimewaapia watu, Zakiya." Sauti ikamkatika. "Nalikwenda kwa Akila nikaapa. Nikaapa kwa Mama Khubaib mlangoni kwake. Nimewaapia wazazi wa madrasa, mmoja mmoja, wallahi, wallahi, mimi ninayewafundisha watoto wao wasilichezee jina hilo. Mungu anajua sikujua. Ila nyumba zile nilizoingia na uongo wako kinywani mwangu, nizirudie vipi?"

Zakiya alitaka kumshika mkono. Mwalimu akauingiza ndani ya buibui.

"Sitakutangaza," alisema. "Sitakuharibia riziki. Lakini dhamana yako tena siwezi kuwa. Nikiulizwa, nitanyamaza."

Na kama aliyeitwa, Mama Khubaib, dada yake Bi Swafia, akawajia akitabasamu na sahani ya viazi vya rojo mkononi, jasho na dhahabu vikimetameta.

"Ndiye huyu, mwalimu? Ndiye uliyekuja kutuapia? Mimi namwoza wangu mwezi wa kumi na moja, na baba yake hataki mpiga picha mpaka apate neno lako. Nimwambie umesema nini?"

Khairiya alitazama chini. Akazikunjua pindo za buibui kwenye magoti, akazikunja tena. Tari zililia. Mama Khubaib alingoja akitabasamu, kisha akangoja bila ya kutabasamu, akamtazama mmoja, akamtazama mwengine. Kwa watu wa mji ule kimya cha mwalimu kilikuwa jibu tosha, na tayari kilikuwa kinaanza kumwingia.

Zakiya alijua kwamba maneno mawili tu ya kisingizio yangeokoa siku. Angesema mwalimu ana homa, koo linamuuma. Mama Khubaib angeamini, na mwalimu asingemkanusha mbele za watu.

"Tafuta mwengine, mama," alisema. "Mwalimu ameona haya kukwambia. Alikuapia kwa kiapo changu, na kiapo changu kilikuwa cha uongo. Yeye hakujua mpaka sasa hivi."

Sahani ilishuka kidogo mkononi mwa Mama Khubaib. Akageuka akaenda moja kwa moja alikokuwa Bi Swafia, na Zakiya akaona vichwa viwili vikiinamiana.

Khairiya alikuwa bado anatazama magoti yake. "Moja hiyo," alisema. "Nyumba nilizoapa ziko kumi na nne."

"Nitaziingia zote."

"Utaziingia peke yako," akasema mwalimu, akainuka, akaomba kufunguliwa mlango wa bustani.